Selotepu Juu ya Namba

Watu walikuja dukani kwa Mama Mdogo kujaribu viatu, si kununua. Kimya aliligundua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akipiga magoti mbele yao. Mteja anakaa, anavua chake, Kimya anampimia mguu na kumwambia kwa sauti ndogo kwamba aina hii inabana, achukue saizi moja juu. Mteja anatembea mpaka kwenye kioo, anarudi anatabasamu. Kisha anatoa simu, anapiga picha kile kikaratasi cha namba kilichobandikwa ndani ya kiatu, anasema, "Ngoja nikafikirie kwanza." Baada ya siku tatu anapita barabarani na viatu vilevile, kaviagiza mtandaoni, kaletewa mpaka mlangoni na mtu wa pikipiki. Wengine hata humpungia Kimya mkono.

Jina la Kimya alipewa na Mama Mdogo mwenyewe, mdogo wake mama yake mzazi, siku za kwanza alipokuja kukaa naye. Alikuwa amemaliza wiki nzima akila mboga isiyokolea kwa kuona haya kuomba chumvi.

Sasa mwenye nyumba alikuwa anataka jibu. Wiki ya sikukuu ikiisha, Mama Mdogo aseme anabaki na chumba cha duka au anakiacha.

"Sikukuu ikituangusha, nafunga," Mama Mdogo alimwambia. "Mimi nitarudi kwenye cherehani yangu. Wewe tutakutafutia pa kwenda."

Kimya hakujua hapo pa kwenda ni wapi. Kazi aliyoijua duniani ilikuwa moja tu, kuutazama mguu wa mtu na kujua utaingia kwenye kiatu gani.

Jumatano, siku mbili kabla ya punguzo lao la sikukuu kuanza, Mama Mdogo aliingia na roli nne za selotepu nyeusi, ile pana ya mafundi, akazimwaga juu ya kaunta.

"Dawa yao nimeipata, hawa wapiga picha," alisema. "Tunaziba namba zote. Ndani ya kiatu, tunaziba. Kwenye boksi, tunaziba. Mtu akitaka kujua hicho kiatu kinaitwaje, alipe kwanza."

Kimya alizitazama roli, akautazama mlango wa stoo. Rafuni palikaa kiatu kimoja kimoja, cha kulia. Vya kushoto vilikuwa stoo, ndani ya maboksi meupe yanayofanana kama mayai, yamepangwa mpaka darini. Kilichotofautisha boksi na boksi ni namba tu.

"Mama Mdogo, sasa na sisi..."

"Na sisi nini?"

"Hamna."

"Sema."

"Nilikuwa nauliza mkasi uko wapi."

Walibandika siku mbili. Mama Mdogo aliimba kazi nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka uliopita, na Kimya hakuwa na moyo wa kumkatiza. Tena alijiambia kwamba labda Mama Mdogo ana mpango. Labda maboksi anayajua kwa kichwa. Miaka kumi na saba ya biashara si mchezo, na yeye Kimya shule ya msingi hakuimaliza. Nani amsahihishe nani?

Ijumaa mlango ulipofunguliwa, watu walikuwapo, na si haba. Tangazo la punguzo kwenye kioo lilikuwa limefanya kazi yake. Kabla robo saa haijapita, wateja saba walikuwa wamekaa, kila mmoja na kiatu cha kulia mguuni, wakisubiri cha kushoto.

Wa kwanza alikuwa muuguzi mmoja mwenye miguu mirefu, mteja wao tangu duka lifunguliwe. Alitaka viatu vyeusi vya kazini.

"Mimi mambo ya mtandaoni siyawezi," alisema kwa sauti ya kuwasikilizisha wengine. "Kiatu nikivae hapa, nitoke nacho hapa."

Kimya aliingia stoo. Boksi la kwanza lilikuwa la ndala za bafuni. La pili, viatu vya watoto. La tatu vyeusi, lakini vya kiume. Alikuwa amefikia la ishirini na kitu Mama Mdogo alipochungulia.

"Unachimba kisima humu? Watu wanasubiri."

"Sivioni vya muuguzi."

"Si uangalie nam..."

Neno likamkatikia mdomoni. Mkono wake, uliokuwa ukielekeza kwenye rafu, ulibaki hewani. Kisha alilivuta boksi lililokuwa karibu, akaingiza ukucha chini ya selotepu, akaibandua. Selotepu ilitoka na kikaratasi chake, namba na yote, likabaki boksi jeupe pe. Akabandua la pili. Vilevile.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mkasi."

Mama Mdogo hakumgombeza. Heri angemgombeza. Aliketi juu ya boksi, likabonyea.

Walipotoka, mwanamume mmoja mwenye kofia alikuwa amekiinua kiatu juu ya kiganja na kukipiga picha, kiatu chenyewe. "Kumbe namba haina haja," aliwaambia wenzake, kwa nia njema kabisa, kama mtu anayeonyesha njia. "Simu inakijua kwa sura. Hiki hapa. Punguzo ni lilelile, na unaletewa nyumbani."

Simu zikatoka mifukoni. Mmoja mmoja walivua viatu vya kulia, wakavirudisha rafuni kwa adabu, wakashukuru, wakaondoka. Alibaki muuguzi peke yake. Naye mwishowe alipekua mkoba wake, akamnyooshea Kimya simu, hataki kumtazama usoni.

"Mwanangu, miwani nimeisahau wodini. Hebu nibonyezee wewe. Kesho kutwa nina zamu, na hivi vya zamani vimeachama."

Kimya alishika simu, akamgeukia Mama Mdogo.

"Mbonyezee," Mama Mdogo alisema. "Na achukue saizi moja juu. Hiyo inabana."

Kimya akabonyeza.

"Wanaleta lini?" Mama Mdogo aliuliza.

"Kesho."

"Basi wametushinda. Sisi tungekuwa bado tunatafuta."

Jumamosi na Jumapili walifungua boksi baada ya boksi, wakigeuza soli kusoma saizi na kuandika upya kwa kalamu. Aliyetaka kiatu aliambiwa apite baadaye. Hakuna aliyepita. Jumatatu mchana, nusu ya stoo ikiwa bado, Mama Mdogo alimpa Kimya simu. Ilikuwa tayari inaita.

"Mwenye nyumba huyo. Ongea naye wewe. Mimi nitalia, na yule sitaki anisikie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Simu ikapokewa. "Shikamoo," Kimya alisema. "Napiga kutoka dukani. Sisi... tunaondoka."

"Marahaba. Sawa," mwenye nyumba alijibu, wala hakushangaa. "Mnatoa vitu lini? Kuna mtu anataka kuja kupima chumba."

Kimya alitaka kumwambia kwamba nusu ya stoo imeshapangwa. Kwamba wakipewa mwezi mmoja tu. Kwamba wateja walikuja, walikuwa saba kwa mpigo, wamekaa pale. Maneno yote yalikuwapo, yamejipanga nyuma ya meno.

"Jumamosi," alisema.

Alipoirudisha simu, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye rafu na kiatu chekundu mkononi.

"Dada, cha kushoto kipo?"

Kimya alimtazama Mama Mdogo, aliyekuwa ameugeukia ukuta, mtandio umeziba uso.

"Subiri nikuangalizie," alisema, akaingia stoo, akaanza na boksi la karibu na mlango.