Dakika Mbili za Kuning'inia

Ndege yangu isiyo na rubani iliruhusiwa kuning'inia hewani dakika mbili tu, moja ya kupaa na moja ya kutua. Nililiandika hilo kwenye barua kwa mheshimiwa, mbunge wetu, nikalipigia mstari, kisha nikamweleza Misheck, msaidizi wake, ana kwa ana.

"Propela zikiangalia juu, ndege inajibeba yenyewe kama mtu mwenye gunia la viazi mgongoni. Zikiinama mbele, mabawa ndiyo yanabeba. Hapo ndipo betri inapumua."

"Sawa, madam. Tumeskia."

Hakuwa amesikia chochote.

Nilianza kuichora miaka minne iliyopita, baada ya Sista Ciakuthii, muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya Mikinduri, kunieleza jinsi akina mama wanavyomfia mikononi akingoja gari la damu lililozuiwa na mvua. Drone za kawaida hazifiki mbali hivyo. Ndege ya kawaida inataka uwanja, na kule hata pa kuanikia mahindi ni shida. Basi nikaunda ndege ya mabawa inayopaa wima, kisha inainamisha propela na kwenda zake. Kuinama huko huchukua sekunde nane, na hizo ndizo zilizonitoa jasho, maana propela zimeshaacha kuinua na mabawa hayajashika upepo. Nilivunja ndege tano. Ya sita ilifika zahanati, na Ciakuthii akanipigia simu akilia kwa furaha.

Ilibaki kamati ya ununuzi ikubali kuinunua, na kamati ilikuwa mheshimiwa.

Siku ya maonyesho pale Muthara tuliomba, kwaya ikaimba, ndege ikapaa. Nilikuwa karibu kuinamisha propela mheshimiwa alipoinua mkono, maikrofoni mdomoni.

"Iache hapo hapo juu yangu! Wapige picha nikiongea."

"Mzee, inakula betri," nikasema.

Misheck akanishika kiwiko. "Madam, usimwaibishe mzee mbele ya watu. Ataongea kidogo tu."

Nikaiacha. Ndiyo, niliiacha! Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, si mwake, lakini niliitaka sana sahihi yake. Akaongea kuhusu barabara, akaongea kuhusu miraa, akawatukana wapinzani wake mmoja mmoja. Dakika ya tano rimoti ikaanza kulia. Chini ya ndege watu walikuwa wamejazana na simu zao, kwa hiyo sikuweza kuishusha. Nikainamisha propela ili niisukume upande wa mashamba. Betri ikakata kabla hazijamaliza kuinama, na ndege ikaanguka kwenye mahindi ya mtu. Umati ukacheka.

"Hii ya injinia wetu bado inajifunza kutembea," mheshimiwa akasema, wakacheka tena.

Kamati ikanunua drone za kawaida za propela nne. Haziwezi kufika zahanati, ila zinaning'inia vizuri sana, na picha za mikutano zinatoka safi.

Mvua za Novemba zilipofika, msichana aitwaye Gatwiri alijifungua salama kwa Ciakuthii, kisha damu ikakataa kusimama. Damu ya kumwongezea iliagizwa saa mbili asubuhi. Gari likakwama kwenye matope hadi saa saba, na lilipofika, Gatwiri alikuwa ameshafunikwa shuka.

Nilienda matangani. Mama yake, Karwirwa, alikuwa amempakata mjukuu. Alinikaribisha chai, akaningoja ninywe.

"Mwari, binti yangu, Sista ameniambia ulikuwa na ndege ya kubeba damu. Hiyo ndege ilienda wapi?"

"Ilianguka, mama."

"Nani alikuwa anaiendesha?"

Jina la mheshimiwa lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimelisema miezi minane, kwa kila aliyeuliza na hata kwa wasiouliza, na kila mara nilipata nafuu kidogo. Nilimtazama yule mtoto, likanikwama.

"Ni mimi," nikasema.

"Na ulijua itaanguka?"

Mtoto alianza kulia. Karwirwa akambembeleza bila kuniondolea macho.

"Nilijua, mama."