Sindano ya Kumi na Tatu

Saa moja asubuhi Uzi alishashona kola sita za sare za shule, na dada yake alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili.

"Bibi harusi, tutachelewa," Uzi akamtania.

"Vidonge je?"

"Nimemeza. Kagua mpaka chini ya ulimi."

Akaachama. Dada akakagua kweli, wakacheka wote wawili. Watu walimwita Uzi kwa sababu ya wembamba wake. Skizofrenia, ugonjwa wa akili, alikuwa nayo mwaka wa tisa sasa, na zile sauti za kichwani yeye aliziita wapangaji.

"Leo wakoje?"

"Wametulia. Mmoja tu anakohoa."

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tiba ya sindano hospitalini, zile kavu za Kichina zinazoachwa mwilini kwa muda. Tabibu aliwaambia tangu mwanzo: hizi si badala ya vidonge, na ugonjwa haziuondoi, ila huenda zikamsaidia kulala. Na mwezi huu Uzi alikuwa anapata saa tano za usingizi. Dada naye alikuwa analala, maana kabla ya hapo utalalaje na mwenzako anapima kuta kwa futi mpaka alfajiri?

Tabibu alimchoma mikononi, miguuni na kichwani, sindano nyembamba kama unywele. Kisha akaitwa wodini. Kazi ya kuzitoa ikabaki kwa mhudumu mmoja na vitanda saba.

"Haya, kaka, amka."

"Bado. Ziliingia kumi na tatu. Umetoa kumi na mbili."

"Zote zimetoka."

"Sista, mimi fundi cherehani. Sindano ikipotea kwetu hatufungi kazi mpaka ionekane. Mtoto wa watu atavaa shati limchome!"

Sauti ilipanda kidogo tu, lakini ikatosha. Msimamizi akaja na faili, akaandika akiwa amesimama, huku anajisomea kwa sauti: "Anaona sindano zisizokuwepo. Ana fujo. Aondolewe kwenye orodha ya sindano." Akasaini, akaenda mlangoni na kalamu nyekundu, akarudi.

Dada akainama sikioni kwa kaka yake. "Umehesabu wewe, au wapangaji wamekuambia?"

"Wale? Wale hata kuhesabu hawajui."

Alimtazama kama anavyomtazama mteja anayebishia kipimo cha kiuno chake mwenyewe. Dada akaona haya. Akaanza kumpapasa kichwa, polepole, kama mafundi wanavyopapasa shati jipya kabla ya kulikunja. Nyuma ya utosi, katikati ya nywele, kidole kikagusa kitu chembamba kimesimama.

"Sista, njoo uone."

Mhudumu akaichomoa, akaiweka kwenye kisahani cha bati. Ikalia *ti*.

"Nisamehe, kaka yangu," akanong'ona. "Toka asubuhi sijakaa."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Dada akamgeukia msimamizi. "Basi futa hayo."

"Faili halifutwi. Mtaomba upya baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu alale vipi?"

"Huo ndio utaratibu, mama."

"Basi niandike mimi hapo chini."

"Ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuandika kwenye faili."

Uzi alikuwa ameketi, anafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni.

"Na mgonjwa mwenyewe?"

Kabla faili halijafungwa, Uzi alishachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti jeupe la msimamizi, ameshalivuta. Akaandika kwa mwandiko wake wa vipimo, herufi kubwa, moja moja: SINDANO ILIKUWEPO. NILISEMA MAPEMA. Akatia sahihi, akapuliza wino ukauke, akarudisha kalamu kwa mikono miwili.

"Asante kwa kuniazima."

Mlangoni walipita kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Jina lake lilikuwa limeshakatwa kwa wino mwekundu, mstari umepinda kama nyoka. Dada macho yakamjaa machozi. Uzi akausogelea, akaufuata ule mstari kwa kidole toka mwanzo mpaka mwisho.

"Angalau wangetumia rula," akasema, akamshika dada yake mkono, wakatoka.