Feni Ikizimwa

Asubuhi ile nilimsikia kaka akipiga chafya chini ya sakafu yangu. Karakana ya samani ina chumba cha juu ambamo nashona mito ya viti, na mbao zake zina nyufa, kwa hiyo kila kinachofanyika chini nakisikia. Baada ya chafya feni ikanyamaza. Nikaendelea kushona. Kisha fundi mwenzake, tuliyemwita Kioo, akapiga kelele, na sijawahi kusikia mwanamume mzima akipiga kelele vile.

Kazi ya kaka ilikuwa kuchovya viti vikuukuu kwenye tangi la dawa ya kubandua rangi. Mvuke wa dawa ile ni mzito. Haupandi juu, unalala ndani ya tangi na kutambaa sakafuni, na mtu akiinama humo anauvuta badala ya hewa. Ndiyo maana feni ilifungwa chini kabisa ukutani, iutoe nje. Hayo si siri, yameandikwa kwenye pipa. Kuna hata picha ya mtu ambaye kifua chake kimepasuka kama nyota. Mafundi walimwita Bwana Harusi, eti kapigwa na mapenzi. Kaka alicheka kuliko wote.

Nyuma ya ukuta wa mbao alifanya kazi Kioo, mpaka vanishi. Meza zake zilimeta, ungeweza kujitazama humo ukichana nywele. Shida ni kwamba feni ilivuta vumbi la msasa kutoka uani likapitia chumbani kwake. Basi mkono wa mwisho wa vanishi ukiwa mbichi, Kioo aligonga ukuta, kaka akazima feni, akatoka nje kunywa chai hadi vanishi ishike. Walijipangia wenyewe, kwa sababu walizipenda zile meza kama watoto wao. Tajiri, mwenye karakana, alipojua akaufanya mpango huo utaratibu wa kazi, ila chai akaifuta. Viti vya hoteli vilikuwa vinasubiriwa, akasema, na yeye hamlipi mtu aote jua.

Siku hiyo Kioo aligonga, kaka akazima, akabaki. Mguu wa kiti ukamponyoka ndani ya tangi, akainama kuutafuta. Tulimkuta amepiga magoti, kichwa kikiwa ndani. Kioo ndiye aliyemvuta.

Msibani tajiri aliketi karibu na baba, akamuuliza taratibu kama marehemu hakuwa akilalamika moyo. Baba hajawahi kubishana na mtu aliyekuja na gari. Akasema labda. Nilikuwa napita na sinia la vikombe.

"Moyo wake ulikuwa mzima," nikasema. "Wewe ndiye uliyemnyima hewa."

Watu wakatazama miguu yao. Shangazi akanivuta jikoni, akiwaambia wenzake kwamba uchungu ndio unaonisemesha. Haukuwa uchungu. Ilikuwa hasira, na mpaka leo nalala nayo, naamka nayo.

Nilikwenda ofisi ya wakaguzi wa usalama kazini. Bwana mmoja mpole akanieleza kwamba sheria inataka feni, na feni ipo, aliiona kwa macho yake. Nikamwambia inazimwa. Akasema siku aliyokwenda yeye ilikuwa inazunguka.

Tajiri akaajiri mpaka vanishi mpya, na Kioo akamhamishia kwenye tangi. Nilimkuta akivaa glavu za kaka.

"Unaingia humo kweli?"

"Nina watoto, dada."

"Na yeye alikuwa na nini, kuku?"

Akavuta glavu ya pili. Akaingia. Kabla ya adhuhuri yule mpya akagonga ukuta, kama alivyoelekezwa, na feni ikanyamaza chini ya miguu yangu. Nilishuka ngazi bila viatu. Kioo alikuwa ameshainama. Nikaiwasha, nikasimama mbele ya swichi, na wote wakaacha kazi kunitazama hadi tajiri akaja.

"Fundi mito, rudi juu."

"Zima feni yako, lakini kwanza huyu atoke nje."

"Na viti vya watu vitajichovya?"

"Basi iache izunguke."

"Meza zangu zitajaa vumbi."

"Zipige msasa upya. Meza inarudiwa."

Alinitazama kama mtu anayepima mbao, akaondoka. Sikushinda, alikuwa na wageni ofisini tu.

Jioni ile mimi na wifi yangu, mjane wa kaka, tuliteremsha cherehani. Sasa nashonea mlangoni mwa chumba cha tangi, swichi ikiwa nyuma ya bega langu. Ukuta ukigongwa, sigeuki. Kioo anachovya, mimi nashona, na hatusemezani. Meza mbili zimerudishwa na wateja kwa sababu ya vumbi. Tajiri amenipa hadi Ijumaa niwe nimerudi juu au nimeondoka. Leo ni Alhamisi, na feni inazunguka.