Wimbo Nilioanzia Juu

Alhamisi ya Wiki ya Maombi, kabla jua halijatoka, mdogo wangu Kalolaine alinyamaza katikati ya sala.

Alikuwa amesimama mbele ya kanisa letu la kisiwani Vava'u, mkeka wa heshima amejifunga kiunoni kama ilivyo desturi yetu ya ibada, na alikuwa amefika kwenye kuwaombea wagonjwa. Tukangoja. Wengi walidhani machozi yamemkaba, kwani Kalolaine aliomba akilia tangu usichana. Mimi nilikuwa namtazama. Mashavu yake yalikuwa makavu.

Siku zote nilimtazama. Nilifundisha sayansi, na kanisani nilikwenda kwa sababu mwalimu asiyekwenda huulizwa. Wenzangu wakifumba macho, mimi nilimkagua: jinsi sauti yake ilivyolegea, kana kwamba anaongea na mtu aliyeketi karibu. Sauti ile niliionea wivu. Kama angenizidi kwa nyumba kubwa tu, ningemvumilia.

Kisha Feleti, mume wangu, aliugua figo. Mchana mmoja nilikuwa nampangusa miguu, akasema, "Niitie Kalolaine aje aniombee."

"Mimi nipo hapa."

"Najua. Niitie Kalolaine."

Nikamwita. Alipiga magoti upande wangu wa kitanda, akamwambia Feleti kwamba atapona, atasimama tena. Nilitoka na beseni, nikamwaga maji nyuma ya nyumba, nikabaki huko nikisikiliza mnong'ono wao ukipenya dirishani. Niliporudi, uso wa mume wangu ulikuwa umetulia kwa namna ambayo mikono yangu haikuwahi kuutuliza. Wiki hiyohiyo tulimzika. Imani niliyokuwa nayo, kama ilikuwepo, sikuiona tena. Wivu ulibaki.

Miaka miwili baadaye, basi, kimya chake mbele ya watu kilinifurahisha, kwa muda. Halafu nikaona vidole vyake vimekamata ukingo wa mkeka, vimekakamaa, kama vya Feleti kwenye shuka.

Kanisani kwetu hakuna kinanda. Mtu mmoja huanzisha wimbo pale alipo, wengine wakaudaka. Mwanzishaji wetu alikuwa Kalolaine mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeanza.

Nikaanza mimi. Nilianzia juu mno. Kufikia neno la pili kila mtu alikuwa amejua. Kwetu wimbo haukatizwi ili ushushwe. Wanaume wa sauti nzito walipanda mahali wasipopajua, wanawake wakakaza shingo, Mzee Paongo wa baraza la kanisa akaiva uso kama papai. Hakuna aliyeuacha. Kwenye ubeti wa tatu niligundua kwamba simtazami mtu. Nilikuwa nimefumba macho, na nilikuwa naomba Kalolaine ashikwe asianguke. Sikuwa nimekusudia.

Nje kulikuwa na chai na maandazi. Mzee Paongo alipita na kikombe chake. "Mwalimu," akasema, "kesho utuletee na ngazi."

Watu wakacheka. Kalolaine hakucheka. Alinivuta hadi ukutani, mbali na masikio.

"Dada, nilifumba macho, hapakuwa na mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu Feleti. Nilimwambia atasimama."

"Na sala zote hizi?"

"Nilikuwa nimezikariri tu." Akageuza kikombe mkononi. "Nilikuonea wivu sana, dada. Wewe hukumwahidi kitu. Ulimpangusa miguu tu."

Nilikata andazi langu, nikampa nusu. Alilishika bila kulila.

"Leo wakati naimba," nikasema, "nadhani palikuwa na mtu."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama nilivyozoea kumtazama yeye. Niliufahamu mtazamo ule.

"Basi kesho nikae karibu na wewe," akasema.

Ijumaa ngoma ya mbao ya kuitia ibada ilipolia tuliingia pamoja, tukakaa benchi moja. Mzee Paongo alitaja wimbo. Kalolaine akanigusa kiwiko. Nikaanza, chini kidogo, naye akaudaka.