Kinanda cha Mayu Nyanjige

Haya nilisimuliwa na Shida, fundi cherehani wa hapa Mwamapalala, msimu uliopita tulipokuwa tunachuma pamba shambani kwangu.

"Baba Minza, ondoa bisibisi kwenye cherehani yangu," alimwambia mumewe asubuhi moja. "Unataka kuichinja?"

Mumewe, Mayige, hutengeneza redio. Kutokana na mabaki ya redio kaseti alikuwa ameunda kinanda ambacho mimi sijakiona kwingine. Chini ya kila kibao kuna kipande cha kanda. Ukibonyeza, kanda inavutwa na kuimba. Ukiachia, springi inairudisha. Na sauti iliyomo ni ya mtu mmoja, mama yake, Nyanjige, tunayemwita Mayu, yaani mama, aliyeongoza nyimbo za kulima miaka yote mpaka kiharusi kilipomfunga mdomo. Mayige alitafuta kanda za zamani, akazifuta vumbi kwa pamba, akawakata waitikiaji wote, akabakiza wito wa mama yake tu.

Asubuhi ile alimwekea mama kinanda mapajani. Kumbe betri imechoka. Sauti ikatoka nzito, inayumba kama ya mlevi. Nyanjige alisikiliza, akageukia ukutani, akakataa hata uji.

"Nahitaji gurudumu lako tu," Mayige alisema. "Hilo halichoki."

"Gurudumu linaendeshwa na mguu, fundi. Na nguo za watu nitashona na nini, meno?" Shida akautazama mgongo wa mama mkwe wake. Akavuta kigoda. "Haya, leta mkanda wa mpira, unganisha gurudumu na kinanda. Cherehani haifunguliwi. Mguu nitatoa mimi."

Akakanyaga kama anayepinda shuka refu, bila pupa, bila kulegea. Mayige akaushika mkono wa mama ulio mzima, akabonyeza naye.

Ikatoka sauti nyembamba, kali, ile ile ya shambani.

Nyanjige akageuka. Akabonyeza mwenyewe. Wito ukatoka, ukakatika.

"Kanda ni fupi, mayu," Mayige alisema, jasho linamtoka. "Nitatafuta namna ya kuirefu..."

Lakini Shida, mguu ungali unakanyaga, alikuwa ameshaitikia, kama alivyoitikia alipokuwa bibi harusi mgeni na jembe jipya. Nyanjige akamwinulia mwanawe kidole: nyamaza. Akangoja springi irudi. Akabonyeza kibao kingine.

Safari hii waliitikia wanawake waliokuwa wanapalilia pamba ng'ambo ya ua, na vicheko juu yake. "Jamani, Mayu Nyanjige karudi shambani! Katukuta tumekaa!"

"Inukeni, wavivu!" Shida akawajibu kwa niaba yake.

Waliimba hivyo mpaka palizi ikafika mwisho wa shamba. Uji ukanywewa, ukaisha. Jua lilipolegea, wito mmoja ulitoka, ukaitikiwa, na mwingine haukufuata. Shida akapunguza mguu. Nyanjige alikuwa amepitiwa na usingizi pale pale alipoketi, kidole kimebonyeza kibao, na kanda chini yake imevutwa mpaka mwisho, haijarudi.