Neno Namba Tatu

Redioni kwetu chuki imekomeshwa. Imekomeshwa kwa karatasi moja yenye maneno arobaini, iliyobandikwa mbele ya pua yangu, na kitufe chekundu kinachokata sauti ya mpigaji simu kabla haijafika hewani. Mwenye kitufe ni mimi. Ukitamka neno lililomo, nakukata. Lisipokuwemo, uhuru ni wako, mwaga sera.

Alhamisi alipiga Mzee Busara, jina alilopewa kwa kuwa hapandishi sauti.

"Wenzetu wa ng'ambo ya reli tunawapenda," alisema. "Ila hapa si kwao. Jumamosi asubuhi vijana wetu watawasaidia kuhama. Kwa upole kabisa."

Nilipitisha kidole kwenye karatasi, juu hadi chini. Kupenda, kusaidia, upole: hakuna hata moja. Mkuu wa vipindi akaniinulia dole gumba kupitia kioo.

Aliyefuata alikuwa shangazi yangu, fundi cherehani anayeishi huko huko ng'ambo ya reli. "Jamani, mlangoni kwangu wameandika 'kupe tokeni'. Naomba wenye utu, Jumamosi..."

Kupe ni neno namba tatu. Nikabonyeza. Sheria haina shangazi, na mimi kazi naipenda.

Akanipigia kwenye simu yangu ya mkononi. "Mwanangu, umenikata?"

"Umetamka neno la chuki, shangazi."

"Mimi? Si ndimi niliyeandikiwa!"

Mkuu, mtu wa huruma, aliruhusu arudi hewani mradi aseme "neno namba tatu". Basi shangazi akalitangazia taifa kwamba mlango wake umeandikwa neno namba tatu, tokeni. Wasikilizaji wakatuma ujumbe kuuliza zawadi ni nini. Kabla hajafika kwenye ombi lake, muda ukaisha, tukaweka wimbo.

Jumamosi hakuna mwenye utu aliyekwenda kusimama naye. Alikwenda Mzee Busara, na mikokoteni sita.

Jumatatu mkuu alinipa fomu ya tukio nimjazie shangazi, ambaye sasa analala sebuleni kwangu. Nilimsomea swali la kwanza huku aibu ikinichoma: alitukanwa kwa neno gani?

Alifikiri kwa makini, kama shahidi mwaminifu.

"Andika hakuna," alisema. "Walinibebea cherehani mpaka barabarani. Aliyefunga mlango wangu kwa kufuli lake aliniita mama."