Mteremko Uliofagiwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Usafi, na hata moto ulipouramba mlima nyuma ya nyumba zao, hakukubali kuishi na uchafu. Aliacha cherehani yake, akang'oa visiki, akakokota magogo yaliyoungua, kisha akafagia majivu mpaka mteremko ukawa safi kama sebule.

"Wifi, umebakiza kuupiga deki tu," dada wa mumewe alimtania kutoka nyumba ya pili. Kwake magogo yalikuwa yamelala hovyo, yamekingama mteremkoni, na majani mabichi yalichungulia katikati ya majivu.

"Bora deki kuliko jalala lako." Wakacheka.

Alasiri moja wingu zito lilitanda. Mama Usafi alimwaga maji ya kufulia kwenye udongo ule aliousafisha. Hayakuzama. Yalijikusanya matone matone, yakateleza kana kwamba ardhi imepakwa nta, yakamrudia miguuni yakiwa meusi. Akamwaga tena. Yakarudi tena. Mvua ya wingu lile nayo ingeteremka hivyohivyo. Chini ya mteremko huo ndipo kilipokuwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, na humo alilala mama mkwe wake aliyepooza.

Tone la mvua likampiga shavuni.

"Wifi, njoo tumtoe mama," Mama Usafi aliita.

"Kwa manyunyu haya? Utamtegua mgongo bure."

"Njoo kwanza, utanisema baadaye." Sauti yake ilimtisha hata yeye mwenyewe.

Wakambeba kwa shuka kwenda nyumba ya pili, mama akinung'unika kwamba anahamishwa kama kabati. Mvua ikaanza kumwagika. Mama Usafi hakuwa na sala ndefu: Ee Mungu, tufikishe mlangoni.

Hawajamlaza vizuri, mlima ukanguruma. Tope lilishuka palepale palipofagiwa, likabomoa ukuta wa chumba cha nyuma na kukijaza mpaka dirishani. Kwa wifi maji yalishuka pia, lakini yaligonga magogo, yakapungua kasi, yakaacha tope huko juu.

"Nini hicho kimeanguka?" mama aliuliza kitandani.

Mama Usafi alipiga magoti, akaikumbatia miguu ya mama isiyohisi kitu, akiomba. Mvua ilizidi. Wifi alikuwa amesimama dirishani, akiyakagua magogo moja baada ya jingine.

"Yatashika?" Mama Usafi aliuliza.

Wifi, mtu wa utani siku zote, hakugeuka.

"Endelea kuomba," alisema.